Namna ya Kutathmini Mikopo ya Asilimia Kumi Bila Kuona Kitu

Sogea karibu, tuongee wawili. Umeteuliwa. Labda wewe ni diwani uliyeingizwa kwenye kamati ya kufuatilia mikopo ya vikundi. Labda asasi yako imepata fedha kidogo za kufuatilia matumizi ya umma. Labda unasoma Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, na unatafuta mada ya utafiti. Kazi yenyewe ni kupima jinsi Halmashauri ya Jiji la Dodoma inavyogawa fedha kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Najua unachotaka. Unataka kumaliza mapema, usikosane na mtu, jina lako likae kwenye jalada la ripoti, na mwakani uitwe tena. Yote yanawezekana, na njia nitakuonyesha hatua kwa hatua. Ila kwa kila njia ya mkato nitakutajia anayeilipia, kwa sababu yupo, na mara nyingi ni jirani yako. Ukishajua bei, utachagua mwenyewe.

Kwanza ujue unachopima. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna mfadhili hapo. Ni ushuru wa masoko, ni leseni za biashara, ni ada anazolipa mtu wa masoko ya Majengo na Sabasaba kabla hajauza fungu la kwanza la nyanya. Mama lishe anayeomba mkopo ndiye aliyeuchangia. Shika hilo, kisha tuanze.

Hatua ya 1: Hesabu hundi, usihesabu fedha

Siku ya kukabidhi mikopo kuna turubai, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi, na mfano wa hundi mrefu kuliko mwenyekiti wa kikundi. Nenda. Kila aliyepo anataka kuonekana ameshika kona ya ule ubao, na wewe utataka pia; ndiyo ubinadamu. Piga picha. Kisha chukua tarakimu iliyoandikwa pale, iweke ukurasa wa kwanza wa ripoti chini ya maneno "Fedha zilizotolewa". Sura nzima imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Usiulize fedha ziliingia lini kwenye akaunti ya kikundi. Swali hilo litakupeleka kwenye kalenda, na kalenda ya uwanda huu wa kati haina huruma. Mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kikundi cha alizeti kilichoomba fedha za mbegu na trekta, kikazipata Machi, kimechelewa msimu mzima. Fedha zitakaa. Ada ya shule itazigusa, msiba utazigusa, na mvua zikirudi hazipo. Ripoti yako itasema kikundi kilipata mkopo. Wanachama watakuwa wamepata deni tu.

Hatua ya 2: Usiulize asilimia kumi ya nini

Ukiambiwa "tumetenga asilimia kumi," andika hivyohivyo. Usiombe mchanganuo. Asilimia hiyo haikatwi kwenye kila shilingi ya mapato ya ndani. Kwanza vinaondolewa vyanzo lindwa, yaani fedha zinazotakiwa kurudi kwenye shughuli iliyozizaa, kama michango ya wagonjwa kwenye vituo vya afya. Hilo ni la haki. Lakini anayeamua chanzo kipi kimelindwa ndiye anayeamua ukubwa wa mfuko, na hapo ndipo mtathmini mtulivu anapopita haraka.

Tuseme kuna halmashauri iliyopanga kukusanya shilingi bilioni 50. Ikakusanya 40. Vyanzo lindwa ni bilioni 10, zikabaki 30, kwa hiyo mikopo ilitakiwa iwe bilioni 3. Zikatolewa bilioni 2. Una namna tatu za kuliandika hilo. "Halmashauri imetoa bilioni 2 kwa vikundi": ni kweli, na watu watapiga makofi. "Halmashauri imetekeleza theluthi mbili ya wajibu wake": ni kweli, na meza kuu itanuna. "Vikundi vinaidai halmashauri bilioni 1": ni kweli vilevile, na mwakani hutaitwa. Ukitaka amani, chukua ya kwanza.

Dodoma swali hili lina uzito wake. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa manispaa, ambayo Aprili 2018 ikapandishwa kuwa jiji. Pamoja na kazi hizo ukaja upimaji na uuzaji wa viwanja. Je, fedha za viwanja zimo kwenye hesabu ya asilimia kumi, au zimeondolewa kwanza? Kwa sheria ipi, na kwa kikao kipi? Uliza hivyo mbele ya watu uone chai inavyopoa.

Ukishavuka hapo, jumlisha. Ile 4, 4 na 2 ifunge kwenye mstari mmoja. Ukiitenganisha, macho yataenda kwenye 2, na utalazimika kuuliza kwa nini waombaji wenye ulemavu ni wachache. Majibu hayako mbali: ofisi iko juu ya ngazi, fomu haisomeki kwa asiyeona, kikao hakina mkalimani wa lugha ya alama. Jumla moja itakusitiri. Utaandika kwamba hawakujitokeza, na anayelipa ni mtu aliyekuja na kiti chake cha magurudumu akaishia chini ya ngazi.

Hatua ya 3: Waachie wenyeji wakuchagulie

Jiji lina kata 41. Huwezi kuzimaliza na hakuna atakayekulaumu. Mwombe afisa maendeleo ya jamii akupeleke kwenye vikundi vya mfano. Atafurahi, maana naye ana vikundi anavyojivunia na hakuna anayemsifu. Mtazunguka Makole, Majengo, Viwandani, Kizota. Lami ipo, mtandao unashika, saa saba mmerudi. Usimtajie dereva Chihanga. Usimtajie Mbalawala wala Ipala. Hombolo sema ni mbali, zabibu utaziona kwenye picha.

Kikundi cha mfano hakidanganyi. Cherehani zipo, wanachama wapo, marejesho yanaenda. Kimetembelewa mara nyingi hata mhazina anajua asimame wapi mwanga usimpige machoni. Utakachoandika ni kweli tupu ya kikundi kimoja, nawe utaipa jina la jiji zima.

Anayelipa ni kikundi cha kata ya pembezoni. Nauli ya bodaboda kufuata fomu, kurudi kwa sababu mtendaji yuko kikaoni, kurudi tena kwa sababu muhuri haupo, inakula faida kabla mkopo haujatoka. Wengine huishia hapo. Kwenye orodha yako hawamo, kwa hiyo kwa hesabu zako hawakuwahi kuhangaika.

Hatua ya 4: Ukifika, kaa kitini

Utapewa kiti, soda na mwenyekiti wa kikundi. Vipokee vyote vitatu. Mwenyekiti anazungumza vizuri, amezoea. Usimwombe mwanachama wa tano asogee kando mzungumze. Na jalada la kikundi usilifungue.

Ukilifungua utakuta katiba. Katiba nyingi hutoka stationery: mtu analipia kurasa, anabadilishiwa jina. Ukisoma mpaka chini, iko siku utafika ibara ya kumi na kukuta jina la kikundi kingine limesahaulika. Utakuta muhtasari wa kikao wenye saini tano za kalamu moja, zote zimeinamia upande mmoja. Utakuta namba tano za simu. Ukizipiga, mbili zitapokelewa na sauti ileile. Kikundi hewa hakikosi karatasi hata siku moja. Kinachokosa ni watu wanaojua karatasi hizo zinasema nini.

Na hapa ndipo pananiuma. Mara nyingi wale watano ni watu halisi. Mwenye uwezo amezunguka mtaani, amekusanya namba za vitambulisho vya wanawake wanne, kila mmoja amepewa kitu kidogo cha kununulia unga, na mkopo wote ameondoka nao. Siku ya kudaiwa, barua inakuja na majina yao. Wanne hao hawatakopesheka tena, hata siku watakapokuwa na wazo lao wenyewe na mikono ya kulifanyia kazi. Ukikaa kitini na soda yako, hao nao umewapita.

Hatua ya 5: Waite wote wadaiwa sugu

Hapa hutakuwa peke yako. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Charles Kichere, zimetaja kwa miaka kadhaa mikopo ambayo haijarejeshwa, vikundi vilivyotafutwa visionekane, na halmashauri ambazo hazikuchangia kiasi chote zilichotakiwa. Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge, hapahapa Dodoma, kwamba utoaji wa mikopo unasimama ili utaratibu mwingine uandaliwe. Ikasimama hadi mwaka wa fedha 2024/25, ilipoanza tena kwa kanuni mpya.

Kwa hiyo deni ni la kweli. Njia ya mkato ni kuliweka kwenye kapu moja: andika jumla ya ambazo hazijarudi, andika "wadaiwa sugu", pendekeza wafikishwe mahakamani. Wasomaji watafurahia ukali wako, nawe utajiona shupavu.

Ukitaka kushindwa vizuri, usipange wadaiwa kwa sababu. Maana ukiwapanga utaona angalau makundi matatu. Yupo aliyekula fedha akijua. Yupo aliyeharibikiwa: kuku wamekufa kwa kideri, mvua imekata Februari. Na yupo ambaye ratiba haikuwa yake. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mpe mkulima wa Mpunguzi au Hombolo ratiba ya marejesho ya kila mwezi, naye atakuwa mdaiwa mwezi wa kwanza tu, kabla jani halijachipua. Kosa hilo lilifanywa mezani na aliyepanga tarehe, na kosa la mezani huwezi kulikamata kwa wito wa mahakama.

Pia usiulize nani hafuatwi. Kila orodha ya wadaiwa ina majina yanayopigiwa simu kila wiki na majina yanayorukwa. Fedha hizi zinazunguka. Shilingi isiyorudi ni mkopo wa kikundi kijacho. Anayerukwa amekula zamu ya mwenzake, na aliyemruka amemsaidia kuosha mikono.

Hatua ya 6: Usiombe orodha ya waliokosa

Hatua nyingine zote ukizisahau, hii ishike, maana peke yake inatosha kuifanya tathmini yako isione kitu.

Ofisi itakupa orodha ya waliopata. Ni ndefu na inaridhisha. Ifanyie grafu. Usiseme kamwe, "Naomba na ya waliokosa, pamoja na sababu." Ugawaji wa fedha ni uchaguzi, na huwezi kupima uchaguzi kwa kuwatazama walioshinda tu. Ukiziweka orodha mbili bega kwa bega utaanza kuona: kata zilizopata kila mwaka na kata ambazo hazijawahi, kikundi kilichopata mara ya tatu kabla mwenzake hajapata mara ya kwanza, andiko zuri la vijana wa matofali lililokataliwa kwa kukosa muhuri, na andiko la kurasa mbili lililopita. Utaona kiongozi wa kikundi ana jina la ukoo unalolisikia kwenye vikao.

Huenda kila moja lina maelezo mazuri. Maafisa wengi wanafanya kazi hii kwa uaminifu, kwa pikipiki mbovu na mafuta ya mfukoni, nao ndio wa kwanza kufaidika sababu zikiandikwa, maana anayesukumwa na mkubwa atakuwa na karatasi ya kujitetea. Lakini sababu isipoandikwa popote, mwaminifu na mla rushwa wanafanana machoni pa mwananchi, na vijana wa matofali wataondoka na somo moja: serikali ina wenyewe. Somo hilo likishaingia, semina haitalitoa.

Hatua ya 7: Sema sasa ni benki

Mfumo mpya ulipokuja, halmashauri 10 kati ya 184 zilichaguliwa kujaribu kupitisha mikopo benki. Jiji la Dodoma lilikuwa mojawapo, pamoja na Jiji la Dar es Salaam, manispaa za Songea na Kigoma Ujiji, na nyingine ndogo kama Siha na Bumbuli. Una sababu tayari: mambo ya zamani yamepitwa, tusubiri.

Benki inajua kutunza daftari na kudai. Lakini nani anafikiwa na tangazo, nani anasaidiwa kuandika andiko, kikundi kipi kinapendekezwa kutoka kata, hayo bado yanaanzia kwa mtendaji na afisa maendeleo wa kata. Dirisha limehama, foleni imebaki palepale. Ukitaka usione, tazama dirisha.

Hatua ya 8: Andika ripoti isiyo na mtu

Andika kwamba fedha zilichelewa, bila kusema zilikaa kwa nani. Andika kwamba taratibu hazikufuatwa, bila kusema zipi wala na ofisi gani. Mapendekezo yawe matatu: elimu itolewe kwa vikundi, ushirikiano uimarishwe, ufuatiliaji uongezwe. Hakuna aliyewahi kuyapinga wala aliyewahi kuulizwa aliyatekeleza lini. Iwasilishe kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, pawe na chakula, karatasi iwe ya kung'aa. Picha ya mfano wa hundi iweke jaladani.

Hiyo ndiyo njia nzima. Inachukua siku tatu na inakubalika kila mahali. Nimekupa bila kuficha kwa sababu naamini wengi wanaipita bila nia mbaya. Wanachoka, wanaona haya kuuliza, wanapenda kupendwa. Mimi na wewe tumo humo. Lakini fedha hizi ni za watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda Soko Kuu la Job Ndugai kununua mzigo, na mikopo ilipofungwa Aprili 2023 ilifungwa kwa wote: aliyekula, aliyerejesha mpaka senti ya mwisho, na yule aliyekuwa bado anasubiri zamu yake. Tathmini zisizoona ndizo zilizoacha hali ifike hapo.

Kwa atakayekataa njia hii

Habari njema ni kwamba kuona nako kuna njia yake fupi. Ni vitu vitano tu vya kuomba, na vyote viko kwenye makabati ya ofisi.

Moja, mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliopita, vyanzo lindwa vilivyoondolewa, kiasi kilichotakiwa kutolewa na kilichotolewa, kila fungu peke yake. Mbili, orodha ya vikundi vilivyopata, kata kwa kata, na tarehe fedha zilipoingia. Tatu, orodha ya vilivyokosa, na sababu. Nne, marejesho ya kila kikundi dhidi ya ratiba yake, pamoja na aina ya shughuli. Tano, mihtasari ya kamati zilizopitisha majina.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa za ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Huhitaji kuwa kwenye kamati, huhitaji mfadhili. Barua ni ukurasa mmoja. Igonge muhuri wa kupokelewa, nakala ubaki nayo.

Zikija, chagua vikundi kwa kura, si kwa kupelekwa. Andika majina kwenye vikaratasi, chovya mkono, na kikiibuka cha Chihanga, panda gari uende Chihanga. Ukifika, zungumza na mwanachama wa tano kabla ya mwenyekiti. Muulize walinunua nini, kiko wapi, na mgawo wake ni upi. Kisha tafuta kikundi kimoja kilichokosa katika kata hiyohiyo, nao uwasikilize. Unayoyakuta yasome kwenye mkutano wa mtaa kabla hujayapeleka ukumbini, maana wanaokujua kwa jina watakusahihisha haraka kuliko mtaalamu yeyote.

Utakosana na mtu, hilo siwezi kukuficha. Na huenda mwakani usiitwe. Lakini kama barua yako itawafanya vijana wa matofali waambiwe kwa maandishi walikosa kwa nini, wakarekebisha, wakaomba tena wakapata, umefanya kazi ambayo ripoti ya kung'aa haijawahi kuifanya. Anza na ile orodha ya tatu. Ukinyimwa, andika kwenye ripoti kwamba umenyimwa, taja ofisi na tarehe, kisha uombe tena.